Saba Saba: Tarehe Moja, Nchi Mbili

Hakuna siku katika kalenda ya miladi isiyobeba mambo makubwa, na mengi ya mambo hayo hayana nasaba baina yao isipokuwa sadfa tupu. Tarehe 7 Julai, kwa mfano, ndiyo iliyowapatia watu wa Visiwa vya Solomon uhuru wao mwaka 1978, na ndiyo iliyoshuhudia mabomu yakiwaua abiria katika treni na basi mjini London mwaka 2005, wala hapana mwenye akili timamu atakayedai kwamba la kwanza lilizaa la pili. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, hata hivyo, tarehe hiyohiyo ina taarikhi ya namna nyingine, ambayo ndani yake watu wenyewe waliishika siku, wakaipa jina, na wakairithisha.

Mwaka 1954, siku ya Jumatano, walikutana Dar es Salaam wajumbe wa Tanganyika African Association, chama ambacho asili yake ni African Association ya mwaka 1929, na ambacho kwa muda mrefu kilikuwa zaidi baraza la makarani, walimu na wafanyabiashara kuliko jeshi la siasa. Rais wao alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, na miongoni mwa waliokuwa pamoja naye walikuwamo Abdulwahid Sykes, ambaye baba yake, Kleist, alikuwa mmoja wa waasisi wa kile chama cha mwanzo, na Dossa Aziz, na John Rupia. Walichokifanya siku ile kilikuwa kuligeuza baraza likawa chama cha siasa, TANU, chenye madhumuni yasiyofichika ya kuitawalisha nchi kwa wenyewe. Wako wanaosimulia habari hii kana kwamba chama kilishuka kutoka mbinguni pamoja na kiongozi wake. Mimi naona ni dhulma kwa wazee wa mjini waliolea mbegu kwa robo karne kabla haijachipua. Haikupita hata miaka minane, bendera ya Mwingereza ikateremshwa.

Hapa panafaa kukumbushwa jambo ambalo watu wa pwani hawapaswi kulisahau. Kwa hesabu ya mwezi, ambayo ndiyo iliyoongoza saumu na idi za wazee wetu, mkutano ule uliangukia Mfunguo Pili wa mwaka 1373 wa Hijra, hali tukio la Nairobi la mwaka 1990, ambalo tutalitaja sasa hivi, liliangukia Mfunguo Tatu wa mwaka 1410, siku chache tu baada ya Idi Kubwa. Kwa muungwana aliyehesabu kwa mwandamo, basi, siku hizi mbili hazijapata kukutana hata kidogo; zimekutanishwa na kalenda ya ofisi na shule, ile ile iliyoletwa na watawala waliokuwa wakipingwa.

Kenya ilikuwa imefanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja mwaka 1982. Mwezi Mei wa mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, watu wawili waliopata kuwa mawaziri na wakaonja utamu wa serikali kabla ya uchungu wake, walitoka hadharani kudai vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai. Serikali ya Rais Moi iliupiga marufuku, na siku tatu kabla ya wakati wake iliwakamata wote wawili na kuwaweka kizuizini bila ya mashitaka. Watu walikwenda Kamukunji bila viongozi wao. Polisi waliwatawanya kwa rungu, kwa moshi wa kutoza machozi na kwa risasi, na ghasia zikaenea siku kadhaa hata katika miji mingine, roho zikapotea. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikumrudia tena kama zamani. Lakini Desemba 1991 kifungu cha sheria kilichowafunga mdomo Wakenya kiliondolewa.

Tanzania nayo iliruhusu vyama vingi mwaka 1992, na hapo sikukuu ya Saba Saba, iliyokuwa ya chama, ikawa na haya ya kujieleza; wakulima, waliokuwa wakisherehekewa siku hiyo, walihamishiwa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki kuwa ya maonyesho ya biashara. Uwanja wa barabara ya Kilwa umepewa jina la Mwalimu Nyerere, ingawa wengi waendao huko huenda kutazama bidhaa.

Tarehe 23 Novemba 2021 UNESCO, ikikumbuka TANU na jinsi ilivyokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru, iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hivyo siku moja sasa inaadhimishwa kwa mashairi na makongamano, na mwaka 2025, vijana wa Kenya walipoikumbuka kwa maandamano, njia za kuingilia Nairobi zilizibwa na polisi tangu alfajiri.