Usawa wa Shule: Funzo la Historia ya Moshi

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, hujitokeza watu wanaodai kwamba shule za milimani zina watoto wenye akili kuliko za tambarare. Hoja hiyo ni mabaki ya kasumba ya kikoloni, na hatuna budi kuipinga kwa silaha ya historia. Tuitazame Moshi.

Kwanza, chanzo cha tofauti. Wamisionari Wakatoliki walijikita Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893. Wote walifuata miteremko yenye maji na watu wengi, na shule zikafuata misheni. Baadaye miteremko hiyo hiyo ikapata kahawa, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ililipa karo na kuezeka madarasa. Tambarare ilikuwa na ukame, pamoja na mashamba makubwa ya mkonge na miwa. Kibarua wa huko aliuza nguvu zake kwa ujira duni. Angejenga shule kwa fedha gani?

Pili, hatua za Taifa huru. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza mwaka 1977. Huo ulikuwa ushindi mkubwa: mtoto wa kibarua aliingia darasani. Lakini sheria ilibadili mwenye shule. Haikuhamisha majengo, vitabu wala kipato cha wazazi.

Tatu, kosa la kuepukwa. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kila mahali. Kumpa sawa aliyetangulia na aliyeachwa nyuma ni kulinda pengo, si kuliziba.

Kwa hiyo, viongozi wa matawi na kata wasikubali orodha ya matokeo isomwe peke yake. Kando ya kila shule iandikwe idadi ya walimu, madawati, vitabu na nyumba za walimu. Mwalimu mpya na dawati jipya vianzie palipopungukiwa zaidi. Binadamu wote ni sawa. Imani hiyo ipimwe kwenye mgawo.