Volvo kuukuu iliyowashinda matajiri wa Safari

Ukishuka matatu Olympic, Kibera, utawakuta mafundi wamelala chini ya magari ambayo wengine wangeyauza kwa kilo kama chuma chakavu. Pasaka ya 2025 ilitimiza miaka 60 tangu mafundi wawili wa Nairobi wachukue gari la aina hiyo na kushinda nalo mashindano ya magari yaliyosifika kuwa magumu kuliko yote duniani, Safari Rally.

Safari ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kufikia miaka ya sitini viwanda vya ng'ambo vilikuwa vikiigombania. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet zenye injini za V8, magari ya nguvu na fedha nyingi. Nyingi ziliishia njiani, na ushindi ukamwendea Peter Hughes na Ford Cortina yake. Volvo ya Sweden nayo iliambulia patupu, na moja ya PV544 za timu hiyo ikabaki huku kwetu, imechakaa kwa kupigwa na barabara.

Hiyo ndiyo aliyoinunua Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya babake Nairobi, kisha akawa askari wa doria wa chama cha wenye magari, akiwakwamua waliokwama barabarani. Yeye na nduguye Jaswant waliifufua Volvo ile wenyewe. Anayejua kazi hii anajua maana yake: kufungua injini yote, kukaza springi na shokabzoba, kufunga bamba la chuma chini ili mawe yasitoboe sampu, na kuchomelea upya kila palipopasuka.

Kura ya kuondoka ya 1965 ikawapa nambari moja. Atakayesema hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa wa kwanza hali vumbi, akumbuke kwamba wa kwanza pia hana alama ya tairi ya kumwonyesha kina cha tope. Ndugu hao walipita Kenya, Uganda na Tanzania, wakarudi na ushindi wa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya aliyewafuata. Timu za viwanda, pamoja na makanika wao na shehena za spea, zilibaki nyuma ya gari la mtumba.

Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alifariki London mwaka 2013. Tangu 2003 magari ya kale yana Safari yao, na mwaka 2009 Mkenya Ian Duncan aliishinda kwa Ford Mustang, V8 ya Marekani kama zile zilizoishia njiani 1964.

Kila Septemba magari ya zamani hung'arishwa na kupigiwa makofi katika uwanja wa farasi wa Ngong Road, hatua chache kutoka Kibera. Lakini barabara ikipanuliwa, wa kwanza kufukuzwa ni fundi wa kando yake. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera ili kupisha barabara ya kwenda Lang'ata. Hatuwezi kujivunia Joginder huku tukiwatimua warithi wa ufundi wake. Kaunti ya Nairobi iwape mafundi wa Olympic uwanja wenye hati, na waandalizi wa maonyesho ya Ngong Road wawafungulie lango Septemba ijayo.