Deheni, Shaba na Daftari: Historia ya Kusafisha Chini ya Meli

Anayeishi Makadara, karibu na Barabara ya Jogoo, hana sababu ya kuwaza bahari kila siku. Lakini jina la mtaa wa Mbotela lilipanda Nairobi kutoka pwani, na huko pwani lilifika kwa meli. Tom Mbotela, makamu wa rais wa KAU (Kenya African Union) aliyeuawa Nairobi mwezi Novemba 1952, alikuwa wa ukoo wa Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa ambayo wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) waliyaanzisha mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Habari za watu hao ziliandikwa na James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa London mwaka 1934. Tunapokisimulia kisa hicho huwa tunataja minyororo, soko la Unguja na shule ya misheni. Mara chache tunaangalia chini ya maji, ingawa kila mkimbizano wa baharini, wa jahazi la watumwa na wa meli iliyolifuata, uliamuliwa kwa sehemu na kilichokuwa kimeota kwenye mbao.

Bahari haiachi kitu kitupu. Ubao au chuma kikizamishwa Kilindini leo, kabla ya siku kwisha kimeshapata utando wa vijidudu visivyoonekana. Utando ukishika, mwani huota juu yake, kisha huja makome na chaza wachanga wanaotafuta mahali pa kugandama wasihame tena. Maji ya kwetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa baridi wa kuwapunguza. Na kwenye mbao kuna balaa jingine, funza wa baharini anayetoboa ndani kwa ndani huku nje ubao ukionekana mzima.

Manahodha wa pwani walilijua hilo zamani, na dawa yao ilikuwa deheni. Shahamu iliyeyushwa, ikachanganywa na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ikapakwa chini ya chombo kwa mikono. Juu ya mstari wa maji walipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake inamjulisha mtu kuwa bandari iko karibu kabla hajaiona. Kazi yenyewe ilisubiri bamvua. Mombasa, maji makubwa ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa gudi ya maskini. Chombo kilisogezwa ufuoni maji yakijaa, kikategemezwa kwa magadi, na maji yalipokupwa kikabaki juu ya mchanga, tumbo wazi. Hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walikwangua makome na mwani, wengine walipitisha makuti yanayowaka ili joto liwaue funza, na fundi wa kalafati alishindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao. Deheni ilikuja mwisho. Yote hayo yafanywe kabla maji hayajarudi, na maji yalirudi kwa saa yake bila kujali nani amechoka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Baharia kijana hakupewa karatasi. Alipewa kikwangulio, akawekwa chini ya tezi mahali ambapo mkuku unakutana na usukani, kwa sababu uchafu hujificha kwenye pembe kuliko ubavuni. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, alipita nyuma yake kwa kiganja, akipapasa. Mkaguzi mkuu alikuwa safari yenyewe: nahodha aliyekuja kwa kaskazi alipaswa kurudi kwa kusi, na chombo kizito kingeweza kumchelewesha hadi upepo ukawa mkali mno. Nadhani tunakosea tunapouita utaratibu huu desturi tu. Ulikuwa na muda maalumu, vifaa maalumu, mgawanyo wa kazi na mtu wa kuwajibika. Kitu pekee ambacho haukuwa nacho ni muhuri.

Wageni pia walilazimika kuinamia mkuku. Vasco da Gama, kabla ya kufika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, alikaa zaidi ya mwezi mzima kwenye mto upande wa Quelimane, Msumbiji, akisafisha na kutengeneza merikebu zake. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wengi wakiwa wamekufa, aliichoma moto São Rafael karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote.

Waingereza walichukua njia ya madini. Mwaka 1761 walijaribu kuifunika manowari HMS Alarm kwa bati za shaba chini yake. Shaba iliyeyuka polepole majini na kuwafukuza makome, ila misumari ya chuma iliyokuwa karibu nayo ililika vibaya sana. Dosari hiyo iliporekebishwa, shaba ilienea katika jeshi lao lote la majini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1770. Karne moja baadaye ndizo meli za mbao zilizofunikwa shaba zilizokuwa zikizunguka maji ya Unguja. HMS Daphne ya nahodha Sulivan, aliyeandika kitabu kuhusu kuwinda majahazi ya watumwa mwaka 1873, ilikuwa ya mbao. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa, HMS London, nayo mbao tupu, ililetwa kutia nanga Unguja na kuwa kituo cha mashua za doria.

Kwa nini mbao, wakati Uingereza ilishajua kuunda meli za chuma? Sababu moja ilikuwa hii ya mkuku. Shaba haiwezi kuwekwa moja kwa moja juu ya chuma. Maji ya chumvi hukifanya kile chuma kuwa chakula cha shaba. Meli ya chuma bila kinga, ikikaa miezi kadhaa kwenye bahari ya joto mbali na gudi, ilipoteza kasi kiasi cha kuaibisha. Baadhi ya meli hizo, kama HMS Inconstant ya 1868, zilivishwa mbao juu ya chuma, kisha shaba juu ya mbao. Kwa hiyo baharini palikutana chombo chenye deheni na manowari yenye shaba, na mateka walikuwa ndani ya kile cha kwanza.

Rangi zenye sumu zilipokuja, tatizo lilionekana limekwisha. Katika miaka ya 1970 ilienea rangi yenye kiambato cha bati kiitwacho tributilitini, ambayo iliweka meli safi kwa miaka. Kumbe ilisafisha hata pasipotakiwa. Kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona makinda hayakui na maganda yanavimba ovyo, na serikali ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Konokono majike wa baharini nao walianza kuota viungo vya kiume. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha mkataba dhidi ya rangi hizo mwezi Oktoba 2001, nao ukaanza kutumika mwezi Septemba 2008.

Wakati huo huo hoja ilikuwa ikigeuka. Zamani makome yalisafishwa kwa sababu yanamchelewesha mwenye meli. Sasa ni kwa sababu yanasafiri. Mwezi Machi 1999, kome mdogo wa kutoka bahari za Amerika alikutwa ametapakaa kwenye maegesho ya boti huko Darwin, Australia. Wakuu wa huko walifunga maegesho na kumwaga klorini na chumvi ya shaba hadi kila kilichokuwa hai humo kikafa. New Zealand ilianza kudai meli safi kwa lazima mwezi Mei 2018, na Australia ikafuata kwa kudai maelezo ya usafi wa meli kuanzia Juni 2022. Hesabu ya mafuta nayo inatisha: uchunguzi uliofanywa chini ya mradi wa GloFouling wa IMO ulionyesha kwamba ute wa nusu milimita tu, ukienea nusu ya chini ya meli, unaweza kuongeza moshi wa meli kwa kiasi cha robo.

Mwongozo wa IMO wa 2011, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023, unataka kila meli iwe na mpango wake na daftari lake. Baharia anaandika rangi gani ilipakwa na lini, meli ilikaa nangani muda gani, mzamiaji aliona nini, nani alisafisha na takataka zilikusanywaje zisianguke bandarini. Mkazo mkubwa uko kwenye pembe: matundu ya kuingizia maji ya kupozea injini, nyuma ya usukani, kwenye rafadha, chini ya vile vitalu ambavyo meli ilikalia gudini na rangi haikufika. Yule serahangi wa ufuoni angeisoma orodha hiyo bila mshangao.

Mwezi Aprili 2025 IMO iliamua kuanza kuandaa utaratibu wa kisheria badala ya mwongozo wa hiari. GloFouling ilipoanza, nchi 12 zilichaguliwa kuongoza, Madagaska na Mauritius zikiwemo. Kenya na Tanzania hazikuwemo. Kwa hiyo mzigo wa kuwaandaa mabaharia wetu utaangukia vyuo vya Mombasa na Dar es Salaam, na wanafunzi wao siku hizi si watoto wa pwani peke yao. Naogopa somo hili litafundishwa kwa slaidi na mtihani wa kuchagua jibu, kijana akajifunza kujaza daftari kabla hajawahi kugusa kome lililogandama. Lamu na kijijini Matondoni bado kuna mafundi wanaovuta majahazi ufuoni kwa kufuata bamvua. Kuwapeleka wanafunzi huko kwa siku moja, na kikwangulio mkononi, gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.