Kistari Kilichodondoka kwenye Chai

Wauza chai wa China hupenda kumfafanulia mgeni herufi ya chai, 茶, kwa namna hii: juu ni majani, chini ni mti, katikati ni mtu. Binadamu kati ya majani na miti, basi hapo chai ikazaliwa. Maelezo matamu, lakini ni ya kubuni. Huyo “mtu” ni mabaki ya herufi nyingine, na aliyezifuata nyayo zake ni mwanazuoni wa karne ya 17, Gu Yanwu.

Gu alizaliwa mwaka 1613. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644, alikataa kuwatumikia watawala wapya wa Qing, akaishia kuwa mtu wa safari, akizunguka kaskazini mwa nchi na kusoma maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe. Kwenye Mlima Tai, Shandong, alikuta chai imetajwa katika mchongo wa mwaka 779 na mwingine wa mwaka 798. Yote miwili imeandika 荼, yaani kwa kistari kimoja zaidi. Akailinganisha na jiwe la mwaka 841, lenye mwandiko wa Liu Gongquan, bingwa wa kaligrafia, ambalo hadi leo liko Xi'an, na jiwe la mwaka 855 lenye mwandiko wa Pei Xiu. Humo kistari hakipo tena. Cha kuchekesha ni kwamba mawe haya mawili hayazungumzii chai hata kidogo: herufi ile imeazimwa kwa sauti yake tu, kuandika neno la Kibudha la kuchoma maiti ya mtawa.

Herufi ya zamani, 荼, ilikuwa na alama ya majani juu. Sehemu ya chini, 余, ilionyesha matamshi tu. Ilikuwa jina la mboga chungu ya porini, ya jamii moja na mchunga wetu. Jani la chai nalo ni chungu, likapewa jina hilohilo, na wasomaji wakaachwa wakibahatisha. Mwaka 59 kabla ya Kristo, huko Sichuan, Wang Bao aliandika mkataba wa kejeli wa kumnunua mtumwa mkaidi, akamrundikia kazi mpaka akalia. Miongoni mwa kazi hizo ni kuchemsha 荼, na kwenda kuinunua mjini Wuyang. Hiyo ya kuchemsha wataalamu wanaibishania. Hiyo ya Wuyang wengi wanakubali ni chai, kwani nani angefunga safari kufuata mboga inayoota kando ya nyumba?

Kitabu cha Lu Yu kuhusu chai, cha karne ya 8, kinaorodhesha majina matano ya mmea huu, na kinasema umbo la 茶 limo katika kamusi ya enzi ya Kaiyuan (713–741). Kwa hiyo vitabu vilitangulia, mawe yakafuata. Kuhusu nani alilieneza umbo hilo jipya, mimi nashuku makarani kuliko washairi. Mwaka 793 dola ya Tang iliweka kodi ya chai, na anayetoza kodi hawezi kuvumilia jina moja kwa bidhaa na kwa mboga. Hata hivyo, miaka mitano baadaye, fundi wa Mlima Tai alikuwa bado anachonga kile kistari.