Toyota HiAce ya zamani na "drone": nguvu na matunzo

KAMPALA – Anayetafuta gari la abiria 14 au la mizigo midogo jijini Kampala hukutana na HiAce za aina mbili. Ya kwanza ni H100, iliyotengenezwa Japan kuanzia 1989 hadi 2004. Ya pili ni H200, iliyoanza 2004, ambayo Kampala inaitwa "drone". Zote zina injini chini ya viti vya mbele, lakini gharama za kuzitunza hazifanani.

Nguvu

H100 ya dizeli yenye injini ya 3L (lita 2.8, bila turbo) ina nguvu za farasi takriban 91. Huvuta vizuri kwa mwendo mdogo na hainywi sana, ila mlimani ikiwa imejaa huenda polepole. Drone ya petroli yenye injini ya 1TR (lita 2.0) ina takriban 133. Huondoka haraka, lakini hunywa zaidi.

Matunzo

Pampu na nozeli za 3L hazitegemei kompyuta. Fundi wa kawaida huzimudu, na spea hupatikana soko la Kisekka. Adui wake ni joto: injini ikichemka, silinda hedi inaweza kupasuka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni.

1TR hutumia cheni badala ya mkanda. Ikibadilishiwa oili kwa wakati, haina usumbufu mwingi.

Drone za dizeli za 2KD (lita 2.5) na 1KD (lita 3.0) zina nguvu, lakini dizeli yenye maji huua nozeli zake, ambazo ni ghali. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, oili huganda na kuziba njia yake, na injini hufa. Zile za soko la Japan za kuanzia 2007 zina pia chujio la masizi, ambalo huziba gari likishinda kwenye foleni.

Sheria ya umri

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Hivyo H100 hununuliwa tu zile zilizomo nchini. Namba ya chesisi ilinganishwe na logbook. Anayeagiza drone kupitia Mombasa asitegemee tarehe ya usajili wa kwanza iliyo kwenye hati ya Japan. Gari huweza kutengenezwa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka unaofuata, na tofauti hiyo inatosha kulizuia Malaba au Busia.

Ipi inafaa?

Kwa abiria wa mjini, drone ya petroli. Kwa mizigo ya safari ndefu, drone ya dizeli, kwa mwenye fundi wa kompyuta na kituo cha mafuta cha kuaminika. Kwa mtaji mdogo, H100, mradi rejeta ni nzima na injini haijawahi kuchemka.