Meli Iliyobebwa Vichwani

Sisi wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi tumezoea kuulizwa swali moja: hizo ndoto za Wazungu zinakuhusu nini wewe, mtu wa Chiwanda? Ni swali la haki, nalo lastahili jibu. Chiwanda, kwa wasioifahamu, ni kata iliyo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kusini ya Mbamba Bay na jirani na mpaka wa Msumbiji. Zamani tulihesabiwa Mbinga; siku hizi tumo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa humo. Ni nchi ya wavuvi na wakulima wa muhogo. Maroketi hayapiti kwetu.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, miezi hii nimesoma upya vitabu kadhaa vya aina hiyo, na jibu langu ni kwamba vinatuhusu kuliko tunavyodhani. Baadhi yake vilianzia hapa hapa.

Tumchukue Jules Verne, Mfaransa ambaye wengi humwita baba wa hadithi hizi. Riwaya yake ya kwanza ya safari za ajabu ilitoka Januari 1863, nayo yahusu majuma matano ndani ya puto. Puto hilo linaruka kutoka wapi? Zanzibar! Daktari Fergusson, rafiki yake na mtumishi wao wanapaa mwezi wa Aprili 1862, wanapita juu ya Tabora, ambayo wakati huo Wazungu waliiita Kaze, wanaliona Ziwa Viktoria, kisha wanavuka bara zima hadi Senegal. Gesi inapashwa moto ili puto lipande, inaachwa ipoe ili lishuke. Hesabu za Verne zimepangwa vizuri hata msomaji akaamini kuwa jambo hilo lawezekana.

Lakini Verne hakuwahi kukanyaga Zanzibar wala Tabora. Alisoma taarifa za wasafiri kama Burton na Speke, akakaa mezani kwake Ufaransa, akaandika. Matokeo yake ni kwamba nchi yetu yote inatazamwa kutoka juu. Wenyeji wa Tabora wanalidhani puto kuwa ni mwezi, na wageni kuwa ni watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na mambo yakaharibika. Mahali pengine wasafiri wanawadhani nyani kuwa ni watu, kisha wanafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Msomaji wa Paris alicheka. Mimi nilikifunika kitabu kwa muda.

Sasa tushuke kutoka angani, tuje ziwani. Mwaka 1875, miaka 12 baada ya kitabu hicho, stima ya kwanza iliingia Ziwa Nyasa. Iliitwa Ilala, ya wamisionari wa Kiskoti. Ilikujaje, na Mto Shire una maporomoko? Ilifunguliwa vipande vipande, mamia ya wapagazi wakavibeba kupita maporomoko, ikaundwa tena upande wa juu. Mwaka 1893 Wajerumani nao wakaleta yao, Hermann von Wissmann, kwa njia ya Zambezi na Shire. Kisha ikaja Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana, iliyojengwa Glasgow na kusafirishwa katika vifurushi 3,481. Boila lake halikuweza kugawanywa. Liliwekwa juu ya magurudumu, Wangoni 450 wakalivuta kwa nguvu za mikono yao kiasi cha kilomita 100. Meli ikashushwa majini mwaka 1901.

Naomba tutulie hapo kidogo. Verne aliwaza chombo kinachovuka Afrika bila kumhitaji Mwafrika. Ukweli ulikuwa kinyume chake: chombo cha ajabu kilifika ziwani kwa sababu Waafrika walikibeba vichwani na mabegani. Mwenye meli jina lake limeandikwa ubavuni mwa meli. Wale 450 wamebaki kuwa hesabu tu.

Na vyombo hivyo vilituletea pia vita visivyo vyetu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Hermann von Wissmann ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa. Waingereza wakaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani alishangaa, maana habari za vita hazikuwa zimemfikia, na yule aliyempiga alikuwa rafiki yake.

Mwandishi mmoja wa Ulaya aliliona jambo hili kwa jicho tofauti. Mwaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mtwa Mkwawa wa Wahehe, Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza kwa mashine zisizoshindika. Mwanzoni kabisa anawaambia wenzake wasiwalaumu wavamizi kabla ya kukumbuka yale ambayo Wazungu waliwatenda watu wa Tasmania. Mtu wa Ruvuma akikisoma hana haja ya kufafanuliwa. Miaka saba baadaye, 1905, Vita vya Majimaji vilianza, na babu zetu wakaikabili bunduki ya bombomu. Mwaka 1906 Nduna Songea Mbano na wenzake wakanyongwa.

Je, sisi wenyewe hatukuwaza? Tuliwaza. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, yenye wajumbe waliotumwa pande zote sita kutafuta mema, nao wakirudi wanatiwa gerezani. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alitoa Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa kwa chombo cha angani na kufikia ulimwengu wenye haki. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi. Waandishi hawa walipanda angani ili kuisema ardhi, na walimweka mtu wetu ndani ya chombo, si chini yake akishangaa.

Mwaka 2021 meli ya abiria MV Mbeya II ilianza kazi Ziwa Nyasa, nayo iliundwa Kyela, ufukoni mwa ziwa hilo hilo, na kampuni ya Kitanzania. Vijana wetu wamekwisha kuacha kubeba vipande vya meli za wengine. Wanaunga za kwao. Kilichobaki ni wapate pia vitabu shuleni, na kalamu ya kuandika safari itakayofuata. Asiyewaza kesho yake mwenyewe atawaziwa na jirani, naye atapewa mzigo wa kubeba.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa, kwaherini.