Mafunzo ya mtandaoni ya mafundi majokofu na viyoyozi

Mafunzo ya mtandaoni ya mafundi majokofu na viyoyozi ni masomo yanayotolewa kwa njia ya intaneti au simu ya mkononi kwa watu wanaofunga, kutunza na kutengeneza friji, friza, vyumba vya baridi, viyoyozi na mashine za kupasha joto. Baadhi ya masomo hayo ni ya wanaoanza, lakini mengi ni elimu endelevu, yaani elimu ya fundi ambaye tayari yuko kazini na anahitaji kujua mambo ambayo hayakuwepo alipokuwa chuoni.

Nchini Tanzania mafunzo ya aina hiyo yana umuhimu wa pekee, kwa sababu mafundi wametawanyika hadi vijijini ilhali karakana zenye vifaa kamili ziko zaidi katika miji mikubwa. Hata hivyo, sehemu ya ufundi huo haijifunzwi kwa kutazama: ni lazima ifanywe kwa mikono mbele ya mwalimu.

Kazi ya fundi

Friji haitengenezi baridi, bali huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Kazi hiyo hufanywa na gesi ya kupozea, ambayo watu wengi huiita gesi ya friji. Gesi hiyo huzunguka katika sehemu kuu nne:

1. kompresa, inayoibana gesi na kuipandisha presha na joto;
2. kondensa, ambako gesi hutoa joto nje na kugeuka kuwa kimiminika;
3. mrija mwembamba au valvu, ambapo presha hushuka ghafla;
4. evapareta, ambako kimiminika huchemka kwa joto la chini na kufyonza joto la vyakula au la chumba.

Kiyoyozi hufuata njia hiyohiyo. Mzunguko ukigeuzwa, mashine huchukua joto la nje na kulileta ndani ya nyumba. Ndiyo pampu ya joto inayotumika katika nchi za baridi. Kwa sababu hiyo, huko Ulaya na Marekani kupasha joto na kupoza mara nyingi huhesabiwa kuwa fani moja. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya kazi ni kupoza.

Fundi anahitaji ujuzi wa namna tatu kwa pamoja: umeme, mabomba (kukata, kutanua na kulehemu shaba) na gesi yenyewe. Ujuzi wa tatu ndio uliobadilika zaidi katika miaka ya karibuni.

Kwa nini fundi hurudi darasani

Kuanzia miaka ya 1930 friji nyingi zilitumia gesi za kundi la CFC, ambazo haziwaki na wala si sumu kali. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na F. Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo zikifika juu angani zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, linalozuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno ya jua. Mataifa yalikubaliana kuziondoa kupitia Mkataba wa Vienna (1985) na Itifaki ya Montreal (16 Septemba 1987). Tanzania ilijiunga na mapatano hayo mwaka 1993.

Katika nchi zinazoendelea, CFC zilikoma mwaka 2010. Zilizofuata, yaani HCFC kama vile R-22, zinaendelea kupunguzwa na zinatakiwa kuisha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutunzia mashine za zamani. Kundi la HFC halidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kwa hiyo Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa nchini Rwanda tarehe 15 Oktoba 2016, yalipanga kuzipunguza pia. Kwa nchi nyingi za Afrika matumizi ya HFC yalipaswa kuacha kuongezeka mwaka 2024, na upunguzaji wa kwanza wa asilimia 10 umepangwa kwa mwaka 2029.

Kutokana na hayo, fundi mmoja anaweza kukutana na gesi zifuatazo katika wiki moja:

- R-22, katika viyoyozi vya zamani. Nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni takriban mara 1,810 ya kaboni dioksaidi;
- R-134a, katika friji nyingi na magari: takriban mara 1,430;
- R-410A, katika viyoyozi vya ukutani: takriban mara 2,088;
- R-32, katika viyoyozi vipya: takriban mara 675. Huwaka kwa shida;
- R-600a (isobutani), katika friji mpya za nyumbani: chini ya mara 10. Huwaka kwa urahisi;
- R-290 (propani), katika friza za maduka na baadhi ya viyoyozi: chini ya mara 10. Huwaka kwa urahisi.

Orodha hiyo inaonyesha tatizo lenyewe. Gesi zinazoidhuru dunia kidogo ndizo nyingi zinazoshika moto. Fundi aliyezoea R-22 na R-134a, ambazo haziwaki katika kazi ya kawaida, anaweza kuwasha mtungi wa kulehemu karibu na friji ya R-600a bila kuondoa gesi kwanza, na moto ukamlipukia usoni. Vilevile ni hatari kujaza propani katika kiyoyozi kilichotengenezwa kwa R-22, kwa kuwa swichi zake zinaweza kutoa cheche. Gesi ya kupikia nayo haifai, hata kama ni ya jamii hiyohiyo ya propani na butani, kwa sababu ni mchanganyiko usio na kipimo kimoja na ina viungo vya harufu.

Mafunzo nchini Tanzania

Ufundi stadi husimamiwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ufundi wa majokofu na viyoyozi ni mojawapo ya fani zinazofundishwa katika vyuo vyake, kikiwemo cha Chang'ombe jijini Dar es Salaam. Aliyejifunza kazi mtaani kwa kumfuata fundi mkubwa anaweza kuomba kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Utaratibu huo huitwa urasimishaji wa ujuzi.

Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel Tanzania zilizindua VSOMO, programu ya simu ya mkononi ya kujifunzia ufundi. Mwanafunzi husoma nadharia kwenye simu popote alipo, kisha huenda katika chuo cha VETA kwa mafunzo ya vitendo kabla ya kupata cheti. Mpango huo haukuanzishwa kwa ajili ya majokofu peke yake, lakini muundo wake, nadharia kwa simu na vitendo karakanani, ndio unaofaa fani hiyo.

Kuhusu gesi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake kuhusu kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni ndizo msingi wa udhibiti. Ofisi ya Makamu wa Rais husimamia utekelezaji wa Itifaki ya Montreal nchini.

Masomo na programu za kimataifa

Idara ya OzonAction ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) imetoa vifaa kadhaa vya bure kwa ajili ya mafundi wa nchi zinazoendelea. Miongoni mwake ni programu za simu kama WhatGas?, inayomwezesha fundi kutafuta jina la gesi na kuona sifa zake, pamoja na mfululizo wa video fupi za kazi za karakanani. UNEP imeshirikiana pia na ASHRAE, chama cha wahandisi wa fani hiyo chenye makao yake Marekani, kuandaa kozi za mtandaoni kuhusu matumizi salama ya gesi.

Katika nchi nyingine elimu endelevu ni sharti la kisheria. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, mkandarasi wa viyoyozi hutakiwa kusoma saa 8 ili kuhuisha leseni yake ya mwaka, na anaweza kuzisoma mtandaoni. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2024 kuhusu gesi hizo inataka mafundi wenye vyeti wapate mafunzo ya kujikumbusha au wapimwe upya angalau kila baada ya miaka 7.

Songea na Maposeni

Maposeni ni kata ya Wilaya ya Songea katika Mkoa wa Ruvuma, jirani na Peramiho. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Kwa fundi wa huko, kozi ya wiki moja Dar es Salaam ina maana ya nauli, malazi na siku kadhaa bila kipato.

Wakati huohuo kazi imeongezeka. Kwa miaka mingi mji wa Songea ulitegemea majenereta ya dizeli. Uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyokamilika mwaka 2018. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imepeleka umeme vijijini. Umeme ukifika, friji hufuata: kwenye duka la vinywaji, bucha, nyumbani na kwenye zahanati.

Friji ya zahanati haina mzaha. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto hupoteza nguvu, na baadhi yake huharibika zikiganda. Fundi akikosea kuweka kidhibiti joto, kosa hilo halionekani kwa macho: mtoto huchanjwa, lakini kinga haipatikani.

Kinachofundishika kwa simu

Mambo yafuatayo hujifunzwa vizuri mtandaoni:

- kusoma kibao cha mashine na kutambua gesi iliyomo;
- kusoma jedwali la presha na joto;
- kufuata mchoro wa umeme na kutafuta hitilafu kwa mpangilio;
- taratibu za usalama, kwa mfano kupima uvujaji kwa naitrojeni kavu na kamwe si kwa oksijeni, kwa kuwa oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa ndani ya presha inaweza kulipuka;
- sheria, pamoja na sababu za kutomwaga gesi hewani. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa huongeza joto la dunia sawa na takriban tani 2 za kaboni dioksaidi.

Mengine huhitaji karakana: kulehemu shaba bila kuacha tundu, kutanua bomba, kutumia pampu ya kuvuta hewa na unyevu, kukusanya gesi ya zamani katika mtungi, na kupima kwa mizani gesi ya kujaza. Friji ya nyumbani ya R-600a hujazwa chini ya gramu 150, mara nyingi pungufu sana ya hapo. Kukadiria kwa kusikiliza au kwa kugusa bomba hakutoshi.

Changamoto

Kozi nyingi za kimataifa ziko kwa Kiingereza, ilhali mafundi wengi wa Tanzania walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kujifunza kazi kwa Kiswahili. Video huhitaji bando, na mashine ya kukusanya gesi ni ghali kwa fundi mmoja. Zaidi ya hayo, cheti cha kumaliza kozi ya mtandaoni huthibitisha kwamba mtu amesoma na kujibu maswali. Hakithibitishi kwamba anaweza kulehemu. Kwa sababu hiyo, mipango inayoaminika huunganisha masomo ya simu na mtihani wa vitendo katika chuo kilicho karibu na fundi.

Tazama pia

- Jokofu
- Kiyoyozi
- Itifaki ya Montreal
- Tabaka la ozoni
- VETA
- Mkoa wa Ruvuma